Kwa nini mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu?

Choa cha shingoni au mkononi, ukikipaka krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, kwa kawaida huisha ndani ya wiki mbili hadi nne. Krimu hiyo hiyo ipake kwenye mapunye ya mtoto: magamba yatapungua, muwasho utatulia, halafu baada ya muda duara lile lile linarudi, pengine na wenzake wawili. Wazazi wengi hudhani wameuziwa dawa feki. Mara nyingi dawa ilikuwa nzima, ila haikufika fangasi walipo.

Mapunye, au mashilingi kama wengi wanavyoyaita Kenya, huletwa na fangasi wanaokula keratini, protini inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Kichwani huanzia juu ya ngozi, wakashuka kwenye kitundu cha unywele, kisha wakaingia kwenye unywele wenyewe na kuteremka kuelekea mzizi. Husimama pale tu keratini inapoanza kukomaa. Unywele unakua kwenda juu, wao wanaota kwenda chini, mithili ya ngalawa inayopigwa kasia kinyume cha mkondo: haisongi mbele, hairudi nyuma. Krimu inaishia juu ya ngozi. Hata ukinyoa kipara, kipande cha unywele kilichobaki chini ya ngozi kina fangasi wake.

Mtazame mtoto kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona nukta nyeusi zimetapakaa kwenye sehemu iliyopukutika, hizo ni nywele zilizokatika usawa wa ngozi. Hiyo ni kazi ya fangasi kama Trichophyton violaceum, wanaoonekana sana Afrika Mashariki, ambao hujaza mbegu zao ndani ya unywele mpaka ukose nguvu. Microsporum canis, ambao mara nyingi hutoka kwa paka, huuzingira unywele kwa nje. Hapo nywele hukatika milimita chache juu ya ngozi, na sehemu ile huonekana kama imenyunyiziwa majivu. Kipara laini kinachotokea ghafla, kisicho na magamba wala vishina vya nywele, ni ugonjwa mwingine. Nywele zinazopungua kwenye paji na mbele ya masikio kwa sababu ya kusuka kwa kubana nazo si mapunye. Penye shaka, maabara hukwangua magamba na vishina, huvilainisha kwa potasiamu haidroksaidi na kuvitazama kwa hadubini.

Madaktari wa zamani walilijua tatizo hili. Kwa kuwa ugonjwa umo ndani ya nywele, mwanzoni mwa karne ya 20 waliwapiga watoto eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke. Nywele zilidondoka kweli, lakini miaka mingi baadaye baadhi yao walipata saratani ya tezi ya shingo na uvimbe wa ubongo. Griseofulvini, iliyogunduliwa mwaka 1939 na kuanza kutumika kwa binadamu mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiyo iliyobadilisha mambo.

Dawa hiyo humezwa, husafiri kwa damu na kujijenga ndani ya keratini changa. Unywele mpya huota ukiwa umelindwa, ule mgonjwa husukumwa nje taratibu. Haiharakishwi, maana nywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi. Dozi ya mtoto ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa wiki 6 hadi 8: mtoto wa kilo 20 atapewa kati ya miligramu 200 na 400, kadiri daktari atakavyopanga. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta, kama parachichi, yai la kukaanga au wali wa nazi. Akimeza kwa chai ya rangi, sehemu kubwa ya dawa hainyonywi. Mjamzito haruhusiwi kuitumia. Terbinafini, dawa nyingine ya kumeza, hufanya kazi vizuri zaidi kwa jamii ya Trichophyton, na huchukua takriban wiki 4: mtoto wa kilo 20 hadi 40 hupewa nusu ya kidonge cha miligramu 250 kwa siku. Kosa kubwa ni kuacha wiki ya tatu kwa sababu muwasho umekwisha.

Mwanzoni mwa tiba baadhi ya watoto hutoka vipele vinavyowasha masikioni na mwilini. Mara nyingi ni kinga ya mwili inapambana na fangasi, si mzio wa dawa. Mwone mtoa huduma kabla ya kuisimamisha. Epuka krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni, aina ya steroidi, kwani huficha dalili huku fangasi wakisambaa. Usipake kitunguu saumu kibichi, huunguza ngozi.

Uvimbe laini unaotoa usaha ukitokea kichwani, usiupasue wala kuukamua kama jipu. Ni kinga iliyochachamaa, na usipotibiwa mapema kwa dawa ya fangasi huacha kovu lisiloota nywele tena.

Shampuu ya ketokonazoli ya asilimia 2 haiponyi peke yake, lakini hupunguza mbegu zinazodondoka. Iache kichwani dakika 5, mara mbili kwa wiki, na waoshwe hata ndugu wasio na dalili, kwani wanaweza kubeba fangasi bila kujua. Chanuo, kofia, mto na taulo visichangiwe. Chanuo la plastiki lisugue kwa sabuni, kisha liloweke dakika 10 kwenye kipimo kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji. Mashine ya kinyozi lazima ipigwe brashi kwanza nywele zote zitoke, ndipo meno yafutwe kwa spiriti. Ukipaka spiriti juu ya vipande vya nywele, mbegu zilizomo ndani zinabaki hai zikimsubiri mteja anayefuata.