Jigsoo inakata mshazari? Soma mbao kwanza kabla hujagusa skrubu

Mafundi wengi wananiletea jigsoo (ule msumeno wa umeme wa mkononi wenye bledi inayopanda na kushuka) kwa lalamiko hilihili, juu imefuata mstari vizuri kabisa ila ukigeuza mbao unakuta chini imehama, na mtu akishaona hivyo anakimbilia kulegeza kitako (ile sahani ya chini inayokaa juu ya mbao) akilaze upande wa pili. Usianzie hapo jamani. Mbao yenyewe iliyokatwa inakuonyesha shida iko wapi.

Chukua kipande kinene, cha inchi mbili kinafaa, kata mstari ulionyooka kama futi moja hivi bila haraka, alafu weka skwea (kipimo cha pembe ya digrii 90) kwenye ule uso uliokatwa, mwanzo, katikati na mwisho. Ukikuta umelala kiasi kilekile kote na uso wenyewe umenyooka, kitako ndo kimelala. Ila ukikuta mwanzo uko sawa alafu kadiri unavyoenda unazidi kuhama, au uso umefanya tumbo, basi kitako hakina kosa, bledi inapinda humo ndani ya mbao, na hata ukirekebisha kitako mpaka kesho haitasaidia.

Kitako ni kazi ndogo. Chomoa plagi (chomoa kabisa, usiishie kuzima swichi), funga bledi mpya iliyo pana, geuza mashine, legeza skrubu, simamisha skwea juu ya kitako iguse ubavu wa bledi. Iguse ule mwili wa bledi, sio meno, maana meno mara nyingi yamepindwa kulia na kushoto yatakudanganya. Zile alama za digrii zilizochorwa pale mi sizifuati, nafuata skwea. Kaza, pima tena, kwa sababu kitako huwa kinasogea kidogo wakati unakaza. Na usidharau digrii mbili, kwenye mbao ya milimita 50 zinakutupa karibu milimita 2 huko chini, hapo kiungo hakifungi.

Kuhakikisha, kata mkato mfupi kwenye ukingo wa kipande kinene, zima, chomoa plagi, zungusha kipande nusu duara huku uso wa juu ukibaki juu, alafu ingiza mgongo wa bledi kwenye mkato uleule. Ikiteleza ikaingia uko digrii 90. Ikikwama bado, kwa sababu ukigeuza mbao kosa linajionyesha mara mbili.

Sasa bledi kupinda, hapa ndo penye kazi. Kumbuka bledi ya jigsoo imeshikwa juu tu, chini inaelea. Albert Kaufmann wa Uswisi alivyoibuni hii kitu mwaka 1946 alitoa sindano ya cherehani akafunga bledi mahali pake, na mpaka leo muundo ni uleule, kwa hiyo chochote kinachoisukuma pembeni, ncha ya chini ndo inayohama zaidi.

Cha kwanza kuangalia ni bledi yenyewe. Ikishagusa msumari meno ya upande mmoja yanakufa, na kuanzia hapo itavuta kwenda upande wenye makali, itupe tu. Kingine, watu wanakata mninga mnene kwa bledi nyembamba ya kona kama T101AO, hiyo ni ya kuzungusha kwenye plaiwudi nyembamba. Kwa mbao nene chukua T144D, na kama unataka uso wa skwea kweli, yaani digrii 90, tafuta T144DP, ni nene zaidi na haipindi kirahisi. Hata bledi ya chuma yenye meno madogomadogo usiiweke kwenye mbao nene, vumbi linajaa kwenye meno, inapata moto, inaanza kutangatanga.

Alafu angalia ile rola ya nyuma. Inatakiwa iguse mgongo wa bledi, mgongo ukae ndani ya mfereji wake. Ukikuta imeganda kwa utomvu wa saipresi isafishe kwa mafuta ya taa ikauke vizuri, tone moja la oili ya cherehani, izunguke. Mfereji ukishalika ukawa mpana bledi inacheza humo, badilisha rola.

Ile leva ya pembeni ya 0 mpaka 3 irudishe 0 ukitaka skwea. Namba kubwa inakata haraka, lakini inasukuma bledi mbele na uso unaharibika. Na mkono wako usisukume, ukisikia mota inalia ujue unailazimisha.

Ukimaliza hayo yote na bado inahama, chomoa plagi, shika bledi karibu na inapofungwa uitikise kulia na kushoto. Ikicheza pamoja na ule mhimili unaopanda na kushuka, bushi (zile pete zinazoushika mhimili) zimeisha, na hapo ni kufungua gea. Kuna mashine bushi zake hazipatikani kabisa, ulizia kabla hujaifungua.

Kwenye kona za mbao nene hata mashine nzima inatoa tumbo, hilo lipo tu, kwa hiyo kata nje ya mstari milimita 2 alafu malizia na tupa ya mbao na msasa.