Je, wajua kwa nini aliyepandikizwa uloto hupimwa pumzi hata anapojisikia mzima?

Mgonjwa wa saratani ya damu aliyepandikizwa uloto, yaani ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, huenda amekwisha kurudi kazini na nywele zimeota, lakini kila baada ya miezi michache kliniki humwita, humbana pua kwa kibanio, humtia bomba mdomoni na kumtaka avute pumzi hadi mwisho, kisha apulize kwa nguvu zake zote. Wengi huuona huo kuwa usumbufu, kwani kilichougua ni damu, si kifua.

Sababu imo katika seli zilezile zilizomponya. Seli shina za damu, yaani seli za uloto zinazozaa damu, zinazotoka kwa mtu mwingine, hata akiwa ndugu wa tumbo moja, huja na kinga ya mtoaji, na kinga hiyo huweza kuvishambulia viungo vya mwenyeji wake kama vitu vigeni. Ngozi ikishambuliwa huwasha, kinywa hukauka, na mgonjwa hujionea mwenyewe. Mapafu hayatoi ishara ya namna hiyo. Humo hushambuliwa vijia vya hewa visivyofikia milimita 2 kwa upana: kuta zake huvimba, kisha hujaa kovu, hadi tundu huziba. Kwa kuwa vijia hivyo ni maelfu kwa maelfu, vingi huweza kuziba kabla mtu hajahisi lolote, na siku anapolalamika kwamba ngazi alizozizoea zinamkata pumzi, kovu limekwisha kukaa wala haliondoki.

Katika siku 100 za mwanzo hofu kubwa huwa ni maambukizi, kwa sababu kinga mpya bado ni changa, pamoja na madhara ya dawa kali na mionzi. Hayo mara nyingi hujitangaza kwa homa au kwa upungufu wa pumzi wa ghafla. Kuziba huku, kunakoitwa bronkiolitisi obliteransi, huja kimyakimya, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya kwanza, na eksirei ya kifua huweza kuonekana safi kabisa.

Ndiyo maana kupuliza kuna thamani kubwa. Mashine hupima hewa inayotoka katika sekunde 1 ya kwanza, na mgonjwa hulinganishwa na yeye mwenyewe: aliyetoa lita 3 kabla ya upandikizaji na leo akatoa lita 2.6 amepoteza asilimia 13, hata kama kiwango hicho kingehesabiwa kuwa cha kawaida kwa mtu mwingine. Dawa, zikiwemo steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) za kuvuta kwa pumzi na zile za kutuliza kinga, hulenga zaidi kulinda vijia vilivyosalia, hivyo kila mwezi unaopita bila kipimo una gharama.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, ugonjwa mwingine wa damu, mwaka 2023. Mtoto mdogo sana hawezi kupuliza inavyotakiwa, kwa hiyo mzazi anayeona mwanawe ameanza kusimama katikati ya mchezo ili kuvuta pumzi, au anakohoa kikavu bila mafua, ampeleke kliniki upesi bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.