Tundu kwenye moyo halimnyimi mtoto akili

Ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya Mwanza unadai mtoto aliyezaliwa na tundu kwenye moyo hana akili ya shule, abaki nyumbani. Si kweli, tafadhali usiusambaze. Wengi husoma vizuri.

Kinachowachanganya watu ni uchovu. Mwenye kasoro kubwa akipanda mawe ya Bugarika, mtaa wa mlimani jijini Mwanza, hufika shuleni anahema, pengine midomo imegeuka bluu, akachuchumaa apate pumzi, na kipindi cha kwanza kikampita. Ongeza siku za kliniki. Baadhi, hasa waliopasuliwa wakiwa wachanga, huhitaji muda zaidi kushika somo.

Kifaa cha kidoleni hupima oksijeni, lakini hata kikisoma 95% tundu laweza kuwepo. Linaonekana kwa eko ya moyo, yaani kipimo cha mawimbi ya sauti. Daktari ndiye aseme michezo ipi inafaa, mwalimu apewe maelezo hayo kwa maandishi.