Benki ya viungo: hukumu ya kifo inapogeuka tiba

Dhana ya benki ya viungo imejengwa na Larry Niven, mwandishi Mmarekani wa hadithi za kisayansi aliyezaliwa mwaka 1938. Katika dunia aliyoibuni, hukumu ya kifo hutekelezwa kwenye chumba cha upasuaji. Moyo, figo, ini, ngozi, hata macho ya mhalifu hutolewa vikiwa vizima, vikahifadhiwa, kisha wakapandikizwa raia wanaougua. Utasema, kwani kuna ubaya gani, si muuaji alikuwa afe tu? Niven anataka uanzie hapo hapo.

Shida ni kwamba wauaji ni wachache na wagonjwa ni wengi. Upandikizaji ukishakuwa wa uhakika, kila mtu ana sababu ya kutaka benki ijae, na hao hao ndio wapiga kura. Hahitajiki dikteta. Wananchi wa kawaida, wenye wazazi na watoto wanaosubiri figo, wanaongeza kosa moja kwenye orodha ya makosa ya kunyongwa, halafu lingine. Uzito wa adhabu unaacha kupimwa kwa kosa, unapimwa kwa mahitaji ya hospitali.

Hadithi yake fupi ya 1967, "The Jigsaw Man", inalionyesha hilo kikatili. Warren Knowles yuko mahabusu, na msomaji haambiwi amefanya nini. Anapata upenyo, anatoroka, na anajikuta ndani ya hospitali inayohifadhi viungo. Kwa kuwa anajua hatafika mbali, anayavunja matangi, walau akifa awe amefanya jambo linalostahili kifo. Kisha tunamwona kortini. Mwendesha mashtaka hakujisumbua hata kumshtaki kwa matangi yale. Shtaka la kwanza linatosha: kupita taa nyekundu mara 6, na kuzidisha mwendo mara zisizopungua 10. Makosa ya barabarani, basi.

Desemba 3 mwaka huo huo, daktari wa upasuaji Christiaan Barnard alipandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza, huko Cape Town. Mgonjwa aliishi siku 18. Dawa za kuuzuia mwili usikikatae kiungo kigeni zilikuwa bado hafifu. Saiklosporini, dawa ya aina hiyo iliyobadili mambo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1983.

Je, Niven alitabiri sawa? Nusu. China ilitumia kwa miaka mingi viungo vya wafungwa waliouawa kwa hukumu ya kifo, maofisa wake wakakiri, kisha serikali ikatangaza kuacha kuanzia 2015, ingawa wapo wasioamini. Lakini huko hakuna kura iliyopigwa. Yeye aliogopa tamaa ya umma. Kilichotokea kilifanywa na dola iliyojifungia.

Kwenye riwaya yake ya 1968, "A Gift from Earth", anakaribia zaidi ukweli huo: tabaka dogo linatawala sayari nzima kwa kuishika hospitali, na walalahoi ndio wanaojaza benki. Utawala huo unayumba pale inapowasili kutoka Dunia teknolojia ya kupata viungo bila kumchinja mtu. Kwa Niven, teknolojia ndiyo inayoziharibu sheria na ndiyo inayozitengeneza. Hapo mimi naachana naye, maana hata nchi nyingi zenye foleni ndefu za wagonjwa zimeendelea kuwaomba watu ridhaa kabla ya kuchukua figo zao.