Pingili haijatoka: dhana kuhusu kunyooshwa mgongo

Fundi wangu wa nguo ana simu iliyojaa video za watu wanaonyooshwa migongo. Mtu kalazwa kifudifudi, tabibu anaweka viganja viwili kiunoni, anasukuma ghafla: kwa! Mgonjwa anainuka akicheka. Wiki iliyopita alinionyesha tatu mfululizo, mguu wa kushoto kautoa kwenye pedeli ya cherehani kwa sababu unawaka moto kuanzia takoni hadi kidole gumba. Mgongo unamsumbua mwaka wa nne sasa.

"Kaka, na mimi nikanyooshwe? Maana naona pingili imetoka."

Nikamwambia pingili haijatoka. Akaniangalia kama nimemnyima kitu. Simlaumu, maana dhana hiyo ndiyo mama wa nyingine zote.

"Pingili imetoka, lazima irudishwe"

Tiba hii ya kunyoosha mgongo, kairopraktiki, ilianzia mji wa Davenport, Iowa, huko Marekani, Septemba 1895. Daniel David Palmer, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitibu watu kwa kile alichokiita nguvu ya sumaku, alimsukuma mgongo mfanya usafi mmoja aliyekuwa kiziwi, Harvey Lillard, akatangaza kwamba kamrudishia usikivu. Kutoka hapo akaja na nadharia kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote husababishwa na pingili zilizohama. Tatizo ni kwamba neva ya kusikia haipiti mgongoni kabisa. Inatoka sikioni na kuingia kwenye ubongo, safari yake yote imo ndani ya fuvu.

Mwaka 2010 baraza linalosimamia wanataaluma wa kairopraktiki wenyewe nchini Uingereza lilisema wazi kuwa hakuna ushahidi wa kitabibu kwamba pingili "zilizohama" za namna hiyo ndizo chanzo cha magonjwa. Pingili zimefungwa kwa kano na misuli mizito. Zipo zinazotoka kweli, kwa mfano katika ajali ya bodaboda, lakini mtu wa namna hiyo hubebwa juu ya ubao, haendi kliniki kwa miguu yake.

Na ile "kwa!" je? Ni ile ile unayoisikia ukialisha vidole. Ndani ya kiungo kuna ute. Kiungo kikivutwa ghafla, mgandamizo ndani yake hushuka na uwazi wa gesi hujitokeza. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walipiga picha za MRI za vidole vikialishwa na kuuona uwazi huo ukijitokeza papo hapo. Ndiyo maana kidole ulichokialisha sasa hivi hakitalia tena mpaka zipite kama dakika 20. Nafuu anayoipata mtu baada ya kunyooshwa ni ya kweli, misuli hulegea na maumivu hupoa kwa muda, ila sauti hiyo si ushahidi kwamba kuna kilichorudi mahali pake.

"Basi ni utapeli mtupu"

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tunaozipinga dhana hizi tunapovuka mpaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, kuhusu maumivu sugu ya kiuno yasiyo na ugonjwa maalumu nyuma yake, unaitaja tiba ya kusukuma pingili kwa mikono miongoni mwa zinazoweza kutolewa, pamoja na mazoezi, kukandwa na kuelimishwa. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 una sharti: iambatane na mazoezi, isisimame peke yake. Faida yake ni ya wastani, haizidi ile ya mazoezi.

Kwa hiyo mwenye pesa ya kitu kimoja tu, mimi ningemwelekeza kwa mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Hao hata hospitali kubwa za serikali wanao, na atakufundisha kitu utakachoendelea kukifanya nyumbani kwenye mkeka. Wa kairopraktiki huku kwetu ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Ukimpata, muulize alisomea wapi na amesajiliwa na nani. Afrika Kusini kozi hiyo inafundishwa chuo kikuu Durban na Johannesburg, inachukua miaka kadhaa, na anayehitimu anasajiliwa na baraza. Aliyejifunza kwenye video ana viganja tu. Na anayekutaka ulipie vikao 20 kabla hata hajakuuliza maumivu yalianzaje, mwache na mashine yake ya kadi.

"Neva imebanwa, ivutwe itoke"

Haya ndiyo ya fundi wangu. Neva ya sayatika ina unene wa kidole, imeunganishwa na mizizi inayotoka sehemu ya chini ya mgongo, inapita takoni na nyuma ya paja kwenda hadi unyayoni. Kati ya pingili na pingili kuna diski, pete ngumu yenye kiini laini. Watu husema "diski imeteleza", lakini diski haitelezi kama sabuni, imeshikana na pingili juu na chini. Kinachotokea ni pete kuchoka, kiini kikatokeza na kugusa mzizi wa neva. Kiini hicho pia huamsha uvimbe na mwasho wa kikemikali, ndiyo maana mguu unawaka. Hapo hakuna kitu cha kuvuta kikatoka.

La kutia moyo ni kwamba mara nyingi mwili wenyewe hukinyonya kile kilichotokeza, na walio wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Ushahidi wa kusukumwa mgongo kwa maumivu ya neva ni hafifu kuliko kwa maumivu ya kiuno peke yake. Na mguu ukianza kupoteza nguvu, kandambili inavuka njiani wala huna habari, usikubali mtu akusokote kabla daktari hajakuona.

"Picha imeonyesha pingili zimesagika"

Uchambuzi uliochapishwa 2015 ulikusanya picha za migongo ya watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyotokeza. Wenye miaka 80, asilimia 84. Mgongo nao huota mvi.

Nyingine kwa haraka

Kiuno kuuma si dalili kwamba nguvu za kiume zimeisha, wala si lazima iwe ngiri au figo. Kulala wiki nzima sakafuni hakusaidii, tembea kadiri unavyoweza. Na shingo si kiuno: kuisokota ghafla kunaweza, mara chache sana, kuchana mshipa wa damu na kuleta kiharusi. Mimi yangu sitoi.

"Kila maumivu ya mgongo ni ya mgongo"

Huku kwetu kifua kikuu hushuka hadi kwenye pingili, kikazila taratibu mpaka mgongo unapinda. Baadhi ya vibiongo tulivyovicheka utotoni vilianzia hapo. Homa za jioni, jasho la usiku, uzito unaopungua, maumivu yasiyopoa hata ukilala: hayo ni ya vipimo, na dawa zake hutolewa bure hospitali za serikali. Ganzi sehemu za siri, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe, miguu yote miwili kulegea, hiyo ni dharura ya usiku huo huo.

Fundi nilimuuliza yote haya mbele ya wateja wake, akacheka kwa aibu na kukana moja moja. Kisha nikamwomba atembee kwa visigino kutoka kwenye cherehani hadi mlangoni. Vidole vya kulia vilibaki juu. Vya kushoto viligusa sakafu kila hatua, na yeye mwenyewe hakuwahi kuliona hilo. Kesho yake saa moja asubuhi alikuwa kwenye foleni ya kliniki ya mifupa.