Nakala hamsini tu: kuwaandikia watu wa singeli

Mkusanyiko wa nyimbo za singeli, Sounds of Sisso, ulipotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, msikilizaji wa Berlin alihitaji kuambiwa singeli ni nini, Mburahati ya Dar es Salaam iko wapi, na kwa nini kasi inapita mapigo 200 kwa dakika. Msomaji wa kijarida cha nakala 50, kinachopita mkono kwa mkono kati ya studio na vigodoro (shughuli za mtaani za usiku kucha), hahitaji hata kimoja. Mfungulie kwa "singeli ni muziki wa kasi uliozaliwa uswahilini" uone kama kijarida hakitaishia kufungia karanga.

Huyu anataka kile ambacho hakukishika kwa sikio: biti ilikimbia kiasi gani, kinanda kimenyofolewa wapi, nani alikuwa kwenye mashine na nani kwenye kipaza. Sifa hazimsaidii. "DJ aliwasha moto" ni maneno ya tangazo. Andika hivi (mfano ni wa kubuni): "Saa saba kasoro robo spika ya kulia ilikata besi. DJ hakusimamisha, alishusha kasi kidogo, MC akajazia pengo kwa kupiga makofi." Aliyekuwepo atakubali au atakubishia, na vyote viwili ni faida kwako.

Kasi ndiyo huwaumbua wengi. Programu ya simu hukuonyesha 120 wakati biti ni 240, kwa sababu inahesabu pigo moja na kuruka moja. Gonga meza kwa kidole pigo moja katika kila manne, kwa sekunde 15. Ukigonga mara 15, ni 240. Ukipata 13, ni 208. Pima mara tatu, mwanzo, katikati na mwisho, maana kwenye shughuli kasi haitulii. Na usichukue kasi ya faili la studio ukaiandika kana kwamba ndiyo iliyopigwa usiku ule.

Vipande vya taarabu vinavyonyofolewa na kuwekwa kwenye biti vina siri nyingine. Kipande kikikimbizwa bila kufungwa sauti (yaani kuizuia isipande), sauti nayo inapanda: karibu asilimia 6 ya kasi kwa kila nusutoni, yaani hatua moja kutoka kitufe cha kibodi hadi cha jirani, vyeusi vikihesabiwa. Tafuta wimbo wa asili, bonyeza noti ya kinanda cha mwanzo kwenye kibodi, kisha ilinganishe na ile ya kwenye biti. Zikitofautiana kwa nusutoni 4, kipande kimekimbizwa kwa asilimia 26 hivi. Sentensi moja ya namna hiyo itasomwa kwa sauti studioni. Zikilingana kabisa huku kasi imebadilika, basi sauti ilifungwa, au kuna mtu amekipiga upya kwa kinanda. Hapo uliza, usikisie.

Majina: muulize mwenyewe anavyoliandika lake, herufi kwa herufi. Prodyuza, DJ na MC ni kazi tatu, hata kama mtu mmoja anazifanya zote usiku mmoja. Nyumba ya shughuli, namba ya simu na jina la nyumbani haviingii mpaka mwenyewe aseme ndiyo.

Upande wa karatasi: kurasa 16 za A5 zinatoka kwenye A4 nne zilizokunjwa katikati. Namba mbili zinazokaa upande mmoja lazima zijumlike 17. Karatasi ya nje ni 16 na 1, nyuma yake 2 na 15. Inayofuata ni 14 na 3, nyuma 4 na 13. Kisha 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya ndani kabisa ni 10 na 7, nyuma 8 na 9. Mwambie wa steshenari ageuzie upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini, na atakutoza vilevile. Acha milimita 10 pembeni. Mashine nyingi za kopi hazifiki ukingoni. Nakala 50 ni karatasi 200. Ongeza 10 za kuharibika.

Picha za usiku ndizo zinazoharibika zaidi. Mashine ya kopi hulimeza giza la kati, na uso mweusi chini ya taa moja hugeuka doa la wino. Ing'arishe picha kuliko macho yako yanavyopenda, uigeuze iwe ya nukta kubwakubwa, kisha toa kopi moja ya majaribio. Ukiona jicho na ukingo wa shavu, endelea.

Stepla ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Funua karatasi juu ya kipande cha boksi, fungua stepla, piga pini mbili kutokea nje, kisha kunja miguu yake kwa ndani kwa mgongo wa kijiko. Seti moja usiibane. Toleo likitakiwa tena, hiyo ndiyo utakayotolea kopi, kwa sababu nakala iliyokwisha kukunjwa huacha mstari mweusi katikati.