Uchapaji unaojali mazingira: dhana zinazopotosha na ukweli wake

Mteja anayetaka kazi yake ichapwe kwa kujali mazingira huuliza maswali mawili karibu kila mara: je, wino ni wa mimea, na je, karatasi imerejelezwa? Ni maswali ya haki, lakini ni nadra kusikia swali lililo zito kuliko yote mawili, nalo ni kiasi gani cha karatasi kitaingia mashineni na kiasi gani kati ya hicho kitatoka kikiwa kazi iliyokamilika. Katika kazi nyingi za ofseti, yaani uchapaji ambao wino hutoka kwenye pleti ya alumini na kupitia blanketi la mpira kabla ya kufika kwenye karatasi, karatasi ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kimazingira, ukihesabu miti, maji na nishati ya kuitengenezea pamoja na usafiri wa kuifikisha kwa mchapaji. Kwa hiyo dhana nyingi zinazofuata hapa ni ndugu wa tumbo moja, kwa sababu zinamfanya mtu atazame nembo iliyo nyuma ya kitabu huku gunia la mabaki chini ya gilotini, ile mashine ya kukatia karatasi, likiendelea kujaa.

Dhana: Wino wa soya ni mmea mtupu

Wino wowote wa ofseti una rangi yenyewe, una mafuta na utomvu wa kuibeba rangi hiyo hadi kwenye karatasi, na una viongezi vya kuufanya ukauke, ung'ae au usichubuke. Soya huingia katika sehemu ya mafuta peke yake. Rangi nyeusi kwa kawaida ni masizi laini ya kaboni yanayotokana na mafuta ya petroli, na rangi ya samawati inayotumika katika uchapaji wa rangi nne ina shaba ndani yake, awe mchapaji amenunua kopo lenye picha ya soya au lisilo na picha yoyote.

Wino wa soya ulianza kuingia katika magazeti ya Marekani miaka ya 1980, baada ya misukosuko ya bei ya mafuta ya muongo uliotangulia kuwafanya wenye magazeti watafute mbadala, na gazeti la The Gazette la Cedar Rapids, Iowa, lilikuwa la kwanza kuutumia, mwaka 1987. Mwaka 1994 nchi hiyo ilitunga sheria ya wino wa mimea kwa kazi za serikali kuu, na viwango vyake vya chini vinaeleza mengi: asilimia 40 ya mafuta ya mimea kwa wino mweusi wa magazeti, 30 kwa wino wa magazeti wa rangi, 20 kwa mashine zinazolishwa karatasi shiti mojamoja, na 10 tu kwa mashine zinazolishwa karatasi ndefu iliyoviringishwa na kukausha wino kwa joto, kwa kuwa wino wa mashine hizo hukauka kwa mafuta yake kuvukizwa kwenye tanuri, na mafuta ya mimea hayavukiziki kwa urahisi.

Faida ipo, na haifai kubezwa. Mafuta ya mimea hayatoi mvuke mwingi hewani, na yanaweza kupandwa upya. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji wa wino hulitaja kwa nadra: baadhi ya mafuta haya, hasa ya kitani, hukauka kwa kuungana na oksijeni, na muungano huo hutoa joto. Matambara yaliyofutia roli za mashine yakirundikwa penye kona, joto hilo hukosa pa kutokea, na rundo linaweza kuwaka bila mtu kulitia kiberiti. Pipa la chuma lenye kifuniko, linalomwagwa kila siku, ni sehemu ya utunzaji wa mazingira sawasawa na wino wenyewe.

Dhana: Karatasi iliyorejelezwa daima ni bora kuliko mpya

Wazo la kuondoa wino kwenye karatasi na kuitengeneza upya si la juzi. Mwanasheria Mjerumani Justus Claproth, wa Göttingen, alichapisha maelezo yake mwaka 1774. Siku hizi karatasi husagwa ndani ya maji, kisha mapovu ya hewa hupitishwa katika uji huo. Chembe za wino, ambazo hazipendi maji, hujibandika kwenye mapovu na kupanda juu kama povu chafu linaloondolewa. Njia hii kwa kawaida hutumia nishati kidogo kuliko kutengeneza uji kutoka kwenye mti, lakini nyuzi hufupika kila zinaporudi, tope la wino hubaki likihitaji pa kupelekwa, na bila nyuzi mpya kuingia mara kwa mara mzunguko mzima hudhoofika. Ukichukua nyuzi zilizorejelezwa, ukazisafisha mno ili zipate weupe wa karatasi ya picha, umezitumia vibaya. Katika boksi, gazeti au daftari zingefanya kazi ileile kwa usafishaji mdogo sana.

Hapa ndipo nembo ya FSC, lile Baraza la Usimamizi wa Misitu lililoanzishwa mwaka 1993, inapoeleweka vibaya mara mbili. Kwanza, watu hudhani nembo zake zote zina maana moja, ilhali kuna tatu: ya nyuzi zote kutoka misitu iliyothibitishwa, ya mchanganyiko, na ya nyuzi zilizorejelezwa. Pili, wachapaji kadhaa hudhani kwamba wakinunua karatasi yenye cheti, basi wanaruhusiwa kuchapa nembo juu ya kazi. Sivyo. Cheti hufuata mnyororo wa umiliki, na kila anayeigeuza karatasi kuwa bidhaa nyingine, mchapaji akiwemo, lazima awe na cheti chake mwenyewe. Karatasi njema ikipita katika kiwanda kisicho na cheti, hubaki karatasi njema, ila nembo haipaswi kuonekana juu yake.

Dhana: Ukubwa wa kazi ni suala la urembo tu

Hii ndiyo dhana ninayoiona ikigharimu zaidi, nayo haina nembo wala kampeni ya kuipinga. Tuseme mbunifu amechora kipeperushi cha mraba chenye sentimita 24 kila upande, na kitachapwa kwenye shiti ya sentimita 70 kwa 100. Ukiongeza milimita 3 za kukatia kila upande, kila kipeperushi kinahitaji sentimita 24.6. Kwenye upande wa 100 huingia vinne. Kwenye upande wa 70 huingia viwili tu, maana cha tatu kingetaka sentimita 73.8. Shiti moja inatoa vipeperushi nane, na takriban theluthi moja ya karatasi inaishia gilotini.

Mwombe mbunifu huyo apunguze kila upande hadi sentimita 21. Sasa kila kipeperushi kinachukua sentimita 21.6, vitatu vinaingia kwenye upande wa 70 na nafasi ya vibano vya mashine vinavyoishika shiti inabaki, na shiti inatoa 12. Kwa vipeperushi 12,000, bila kuhesabu shiti za kutayarishia mashine, tumetoka shiti 1,500 hadi shiti 1,000. Kwa karatasi ya gramu 130 kwa mita mraba, shiti moja ina gramu 91, kwa hiyo shiti 500 zilizookolewa ni kilo 45.5. Sehemu ya kilo hizo imetokana na kipeperushi kuwa kidogo, ni kweli, lakini zaidi ya kilo 24 ni karatasi ambayo ingekatwa na kutupwa bila kusomwa na mtu. Hakuna wino wa soya unaoweza kufidia hesabu hiyo, na uamuzi wenyewe ulihitaji simu moja tu kati ya mbunifu na mchapaji kabla ya kazi kuanza kuchorwa.

Karibu na dhana hii kuna nyingine, kwamba kuchapa nakala nyingi kwa mkupuo ni kuokoa kwa sababu bei ya nakala moja hushuka. Bei hushuka kweli, kwa kuwa gharama ya pleti na ya kutayarisha mashine hugawanywa kwa wengi. Lakini nakala zilizobaki stoo mpaka nambari ya simu ikabadilika zimetumia karatasi, wino na umeme sawa na zile zilizosomwa.

Shiti za kutayarishia mashine nazo huchukuliwa kama hasara isiyoepukika, jambo ambalo ni kweli nusu. Shiti 250 za ukubwa na unene huo zina uzito unaokaribia kilo 23, na hutumika kabla nakala nzuri ya kwanza haijatoka. Kiwanda kinachopima rangi kwa kifaa na kufuata kiwango cha uchapaji wa ofseti cha ISO 12647-2 (ISO ni Shirika la Kimataifa la Viwango), na kinachofungua vali za wino kwa vipimo vilivyotoka moja kwa moja kwenye faili ya kazi badala ya kukisia kwa macho, hufikia rangi sahihi kwa shiti chache zaidi. Shiti zilizoharibika zinaweza pia kutumika tena kuanzishia kazi inayofuata, kabla ya kuingiza karatasi safi.

Dhana: Dawa isiyokatazwa, tena isiyo na harufu kali, ni salama

Mwaka 2012 ilibainika mjini Osaka, Japani, kwamba wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha kuchapa pruufu za ofseti, yaani nakala za majaribio, baadhi yao wakiwa bado vijana, walikuwa wamepata saratani ya mifereji ya nyongo, ugonjwa ambao ni nadra sana kwa watu wa umri wao. Walikuwa wakifuta wino kwenye blanketi za mashine mara nyingi kwa siku, katika chumba chenye hewa hafifu, kwa viyeyushi vyenye dikloropropani na dikloromethani. Dikloropropani ina harufu tamu kiasi, si ya kumkimbiza mtu, na wakati huo haikuwa kwenye orodha ya viyeyushi vilivyodhibitiwa vikali nchini humo. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la 1, yaani miongoni mwa vitu ambavyo imethibitika kuwa husababisha saratani kwa binadamu.

Kisa hiki nimekirefusha kwa makusudi, kwa kuwa mazungumzo ya mazingira katika uchapaji hupenda kuruka moja kwa moja hadi msituni na kumpita mtu aliyesimama kando ya mashine. Mazingira ya kwanza ya kiwanda ni hewa ya chumba chake. Spiriti ya isopropili inayotiwa kwenye maji ya kulowanishia pleti huvukiza hewani mchana kutwa, na mvuke wa aina hiyo ukikutana na oksidi za nitrojeni chini ya jua huchangia kutengeneza ozoni ya karibu na ardhi, ambayo huumiza mapafu. Viongezi mbadala vya maji vipo na vinaweza kupunguza spiriti au kuiondoa kabisa, mradi roli ziwe katika hali nzuri na maji yapimwe. Mashine iliyochakaa itakataa mabadiliko hayo, na fundi atarudi kwenye spiriti kwa siri. Dawa za kusafishia zinazotokana na mafuta ya mimea huvukiza polepole sana, ingawa zinadai muda zaidi wa kufuta, na muda huo ni lazima uwekwe kwenye ratiba, usiachwe kuwa mzigo wa fundi.

Dhana kadhaa za haraka

Wengi hung'oa pini za chuma kwenye majarida kabla ya kuyapeleka kurejelezwa. Hakuna haja, viwanda vya karatasi huziondoa kwa sumaku na chujio. Kinachowasumbua ni laminesheni, yaani utando wa plastiki unaobandikwa juu ya karatasi, na gundi ya moto ya mgongo wa kitabu, ambayo huvunjika na kuwa chembe za kunata ndani ya uji. Jalada linaloweza kupakwa vanishi ya maji halihitaji plastiki, na plastiki iliyoandikwa kwamba huoza mara nyingi hutaka joto la mtambo wa mboji wa viwandani, karibu nyuzi 60 za Selsiasi, ambalo halipatikani katika shimo la taka.

Wino unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno hausifiwi bure, kwa sababu hautoi mvuke wa viyeyushi. Hata hivyo, taa zake za zamani zina zebaki, na karatasi inaporejelezwa utando wake mgumu huvunjika vipande vikubwa ambavyo mapovu hushindwa kuvibeba. Taa za LED zimeondoa tatizo la kwanza na kupunguza umeme, lakini tatizo la pili bado lipo.

Mashine za dijitali hazina pleti na karibu hazina shiti za kutayarishia, kwa hiyo kwa nakala 100 zina nafuu ya wazi. Kwa nakala 10,000 hesabu inaweza kugeuka, hasa ikiwa pleti za ofseti zitarejelezwa, kwa kuwa kuyeyusha alumini iliyotumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza kutoka kwenye madini.

Dhana: Kuandika "rafiki wa mazingira" hakumdhuru mtu

Kiwango cha ISO 14021, kinachohusu madai ya kimazingira ambayo mzalishaji huyatoa mwenyewe, hakiruhusu maneno ya jumla kama hayo, kwa sababu msomaji hana njia ya kuyapima. Dai linalokubalika hutaja kitu kimoja na kiasi chake: kwamba karatasi ya kazi hii ina asilimia 60 ya nyuzi zilizorejelezwa, au kwamba imechapwa bila spiriti katika maji ya pleti. Mchapaji anaweza kwenda hatua moja zaidi na kuandika kwenye karatasi ya makadirio ya bei, chini ya jumla, kilo za karatasi zitakazonunuliwa kwa kazi hiyo na kilo zitakazokatwa. Mteja akiona kwamba karibu theluthi ya karatasi anayoilipia haitamfikia, ataanza yeye mwenyewe kuuliza habari za ukubwa.